Mgomba Uliozikwa Rubafu

Karatasi za askari wa zamani wa kwetu zinanuka moshi. Si uzembe, ni utunzaji. Katika nyumba nyingi za vijijini, kuanzia Rubafu hadi Kishanda, kitu cha thamani huwekwa darini juu ya mafiga, pamoja na mbegu za maharage na senene waliokaushwa, kwa sababu mchwa hapendi moshi. Basi mtu aliporudi kutoka vitani na cheti chake cha utumishi, alikifunga kwenye jani kavu la mgomba, akakipandisha juu, akakaa chini akiamini kimehifadhika. Na kweli mchwa hakukigusa. Moshi ndio uliokisoma, polepole, mwaka baada ya mwaka, hadi karatasi ikawa rangi ya kahawa na maandishi nayo yakawa rangi ya kahawa. Leo ukiifungua huoni kitu isipokuwa alama ya mhuri, duara hafifu kama mwezi wa mchana.

Nimeziona nyingi za namna hiyo nyumbani kwa mwalimu mmoja mstaafu wa Nshambya, ambaye nimepanga chumba uani kwake. Mwalimu huyu anakusanya kumbukumbu za watu wa mkoa wetu waliokwenda vita vya Kagera, askari kwa mgambo. Hakuna aliyemtuma. Vita vilipoanza alikuwa kijana anayefundisha, na baadhi ya wanafunzi wake wakubwa walikwenda. Hadi leo anakumbuka nani alikaa dawati gani. Watu humletea vyeti, picha, mikanda, kofia iliyoliwa na nondo. Huvipiga picha kwa simu, huandika maelezo, kisha huvirudisha kwa wenyewe, akiwasihi wasivirudishe juu ya moshi. Huitikia, halafu huvirudisha juu ya moshi.

Mimi ni fundi wa sola. Nafunga paneli na betri vijijini, na kabla ya hapo nilichuuza dagaa visiwani Muleba, na kabla ya hapo nilikaa Geita, Mwanza, na sehemu nyingine ambazo nikizikumbuka sasa naona tu rangi ya mlango au harufu ya mvua kwenye vumbi. Nimevuka arobaini na bado sijajenga. Nilizaliwa baada ya vita. Sisi watoto wa wakati ule tulipuliza filimbi za maganda ya risasi, tukadhani kila mtoto duniani ana filimbi ya namna hiyo. Wanaume waliorudi walitupita njiani wakiwa na panga na kikapu kama baba wengine wote. Hatukuwauliza kitu. Mtoto hamwulizi mtu mzima ametoka wapi.

"Wewe huna kitako," mwalimu aliniambia siku moja, akinitazama nikifunga mizigo kwenye pikipiki. "Basi hicho ulichokosa kitusaidie. Unakwenda kila kijiji. Ukikuta mzee aliyekwenda vitani, mrekodi."

Ndivyo nilivyoanza. Nafunga paneli, taa inawaka, mwenye nyumba anafurahi, na katika furaha ile namwomba azungumze.

Mama mmoja wa Rubafu alikuja Nshambya mwenyewe, asubuhi ya ukungu, ziwa halionekani, ila sauti yake tu kule chini. Alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka ya sitini na kitu, kanga mbili, viatu mkononi kwa sababu ya matope. Alimsalimu mwalimu kwa kupiga goti kama tunavyofanya kwetu, akakaa barazani, akakitazama kwa muda mrefu kisanduku cha mwalimu, chenye karatasi na picha ambazo bado hazijarudishwa.

"Mwalimu, mimi sina karatasi," alisema. "Nina mgomba."

Mwalimu aliweka kalamu chini.

Alisimulia bila haraka. Kaka yake, mkubwa wake wa pekee, alichukuliwa mgambo, akapata mafunzo, akavuka mpaka na wenzake. Vita vikaisha, wengine wakarudi. Yeye hakurudi, na habari iliyofika nyumbani ilisema tu kwamba hajulikani alipo. Wazee wa ukoo walingoja, kisha wakaamua wafanye kama inavyofanywa kwa mtu asiye na mwili: wakakata shina la mgomba, wakalifunga sanda, wakalizika kibanjani, kwenye migomba inayozunguka nyumba, mahali ambapo angezikwa yeye.

"Lakini waliochimba walikuwa na haraka," alisema. "Mvua ilikuwa inakuja. Walitakiwa kukata shina tupu, lisilo na kitu chini. Wao waling'oa mgomba mchanga wa kisubi na kuuzika na kipande cha tunguu lake. Kina jicho."

"Ukachipua," mwalimu alisema.

"Ukachipua, waitu. Mama yetu alikwenda kupalilia kaburi akakuta jani limetoka, kijani, limejikunja kama barua. Alipiga kelele, majirani wakaja mbio. Akasema: mnaona? Huyu hajafa. Mmemzika mzima."

Kuanzia siku ile mama yao alivua nguo za msiba. Hakukubali misa ya marehemu isomwe. Kila mwaka alikwenda parokiani na kutoa nia, na karani alipomwuliza, ni kwa mtu hai au aliyefariki, alijibu: kwa msafiri. Ule mgomba ukawa kichaka. Ndizi zake, zile kisubi ndogo tamu zinazotengenezewa rubisi, pombe ya kwetu, na kuliwa zikiiva, hazikukamuliwa pombe wala kuliwa na watu wa nyumba. Walipewa wapita njia. Mama alisema: nikimlisha mtoto wa mtu hapa, kuna mtu anamlisha wangu huko. Akafa akiamini hivyo, akamwachia binti yake kibanja, kichaka, na ile desturi.

"Na wewe, Mama, unaamini?" niliuliza, kwa sababu nilikuwa nimesimama pale na kikombe changu cha chai na nikajisahau.

Alinigeukia. "Mimi siamini na sikatai. Nimeishi hivyo. Lakini sasa majani yamenyong'onyea."

Ulikuwa ule mnyauko. Kila mtu wa Kagera anaujua: jani linageuka njano kama limemwagiwa maji ya moto, ndizi zinaiva kabla ya wakati na ndani zina madoa ya kutu, na ukichelewa kibanja kizima kinakwenda, chako na cha jirani. Bwana shamba alikwisha kupita. Alisema kichaka kile king'olewe chote, tunguu likatwekatwe, vipande vizikwe. Majirani walikuwa wapole, lakini walikuwa wanatazama migomba yao.

"Sitaacha watoto wa watu wakose chakula kwa ajili yangu," alisema. "Nitaung'oa. Lakini siwezi kumng'oa kaka yangu bila kujua. Kama yu hai mahali, nitakuwa nimemwua mimi. Kama alikufa, nataka mtu aliyeona aseme. Nisikie, nilie, ndipo nichukue jembe. Mwalimu, katika hawa watu wako wa kwenye sanduku, hakuna aliyekuwa naye?"

Mwalimu alivaa miwani akaanza kutafuta. Alitoa picha moja ya vijana wa mafunzo, safu mbili, imepauka pembeni. Mama akaweka kidole juu ya uso mmoja. Kijana alikuwa akicheka, na mguu mmoja ameutanguliza kidogo, kiatu kimefungwa na kitu kinachofanana na kamba ya mgomba.

"Aliyesimama kando yake," mwalimu alisema, "yupo Kishanda. Yu hai. Ila," akagusa kichwa chake mwenyewe, "siku hizi anakuja na kuondoka."

Wote wawili walinitazama mimi.

Nilimrudisha Rubafu kwa pikipiki siku hiyohiyo. Njia ile inapanda na kushuka kwenye vilima vya majani, ziwa linatokea upande mmoja na kupotea, kisha linatokea tena mahali usipolitarajia. Alikaa nyuma yangu ameshika kikapu na viatu, akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti ndogo. Nyumbani kwake aliniongoza moja kwa moja kibanjani. Chini ya migomba kuna mwanga ambao sijauona mahali pengine katika kutangatanga kwangu, mwanga wa kijani, mzito kidogo, unaofanya sauti zitoke mbali. Kichaka kilikuwa katikati, kimezungushiwa mawe ya ziwani. Majani mawili yalikuwa ya njano, yamekunjika shingo.

Mkungu wa mwisho mzuri alikuwa ameukata kabla ugonjwa haujaonekana, ukaivia ndani. Alinikatia chane mbili.

"Wewe ni msafiri," alisema. "Ni haki yako."

Nilikula chane moja njiani, nimeegesha pikipiki kwenye mteremko, naangalia maji. Zilikuwa tamu kupita kiasi. Ya pili niliibakiza, kwa sababu mtu haendi ugenini mikono mitupu.

Kishanda nilifika siku iliyofuata, jua likiwa limeanza kulegea. Nyumba ya mzee ilikuwa ya bati, nadhifu, kahawa imeanikwa uwanjani kwenye turubai, na ndani sakafu imetandikwa majani mabichi kama nyumba za zamani. Mkewe alinipokea. Alikuwa mama mnene mwenye sauti ya kuuzia samaki, na nilimpenda papo hapo.

"Karibu, mwanangu. Umemfuata mzee? Leo yupo. Asubuhi alikuwa vitani Masaka, mchana amerudi."

Mzee alikaa kwenye kiti karibu na dirisha, shati limefungwa vifungo hadi shingoni. Aliponiona alijinyoosha.

"Umechelewa," aliniambia. "Chai imekwisha."

"Samahani, mzee."

"Afande," alinisahihisha.

"Samahani, afande."

Mkewe alicheka hadi akashika mlango. "Unaona? Umeingizwa jeshini na kukaripiwa kabla hujakaa."

Nilitoa simu, nikaiwasha kurekodi, nikaiweka juu ya stuli. Nilimwuliza kuhusu vita kama mwalimu alivyonifundisha, maswali mafupi, bila kumharakisha. Mzee alijibu kama anayesoma taarifa mbele ya mkubwa wake. Kikosi kiliondoka. Kikosi kilifika. Hali ya chakula ilikuwa ya kuridhisha. Kazi ilikamilika. Nilipomwuliza kuhusu mwenzake wa Rubafu, alisema, "Wote walihesabiwa," akaangalia nje, na nikaona jinsi uso wake ulivyoondoka, taratibu, kama mtumbwi unaosukumwa majini bila mtu ndani.

Nilifikiria majani yale mawili ya njano. Nilifikiria nitamwambia nini yule mama: kwamba nimechelewa, kwamba mtu aliyeona yupo lakini macho yake hayapo?

Mkewe aliingia na sinia lenye chane ya kisubi niliyompa nilipofika, nikimweleza ilikotoka. "Basi kula kwanza alichokuletea mgeni," alimwambia mumewe, akamenya moja akamwekea mkononi. "Zimetoka Rubafu. Nyumbani kwa yule rafiki yako."

Alikula polepole. Alimaliza, akashika ganda kwenye kiganja chake akalitazama.

"Hizi ni za kwao," alisema kwa Kihaya. Hadi hapo alikuwa akizungumza Kiswahili cha jeshini, kilichonyooka kama fimbo.

Mkewe aliacha kucheka. Alitoka upesi, akarudi na mkongojo wa mzee na kata ya rubisi. Aliweka kata miguuni pake, akampa mkongojo kwa mikono miwili, akapiga goti kwenye yale majani. "Webuge, waitu," alisema. "Tunakusikiliza."

Kwa asiyejua, kwebuga ni kujitaja. Zamani mtu aliyetoka vitani alisimama mbele ya mkuu wake, mkuki mkononi, akasema alichofanya, kwa kiapo na kwa mdundo, na waliosikia wakamwitikia ee waitu, yaani ndiyo, wa kwetu. Siku hizi utakuta harusini, wazee wenye rubisi kichwani wakijisifu kwa vitu vidogovidogo, watu wakicheka. Sikuwa nimewahi kuona mtu akisimama vile mzee alivyosimama. Alikuwa mrefu kuliko kiti kilivyokuwa kimenionyesha. Aliunyanyua mkongojo, na sauti iliyotoka haikuwa ya mgonjwa. Kihaya changu kimeota kutu kwa kukaa kwenye miji ya watu, lakini nitaweka hapa nilichoshika.

"Mimi nisiyeuliza mto una kina gani!"

"Ee waitu!" mkewe aliitikia.

"Mimi niliyeliona daraja limelala majini, nikapita!"

"Ee waitu!"

Hapo alisimama kuvuta pumzi, na mkewe akaninong'oneza bila kuondoa macho kwake: "Kila harusi huishia hapa. Darajani. Hajawahi kuvuka."

Mzee alivuka.

"Mimi niliyetembea na mtoto wa mawimbi ya Rubafu, aliyefunga kiatu kwa kamba ya mgomba, akasema mgomba haukatiki njiani!"

Sikumbuki kama niliitikia kwa mdomo au kwa moyo. Mkewe alinipiga kiwiko, na mara ya pili nikaitikia kwa nguvu.

"Tulilala kibanjani kwa watu tusiowajua, wamekimbia, chungu bado kipo mekoni. Asubuhi mwenzangu akavuta pumzi akasema, ndugu yangu, hapa pananuka nyumbani. Risasi haikupiga hodi!"

"Ee waitu!"

"Hakulia. Hakuniita. Alikaa chini kama mtu aliyefika. Mimi niliyemchimbia kwa panga na sahani ya kulia! Mimi niliyekata majani mabichi, nikatandika chini, nikafunika juu! Nikamgeuza uso uelekee ziwa! Wakasema twende, wakasema twende, mimi sikwenda mpaka nimemaliza! Mimi niliyemzika mwenzangu kibanjani, si porini! Kibanjani, si porini!"

Aliupiga chini ule mkongojo, majani ya sakafuni yakaruka kidogo. Kisha akakaa. Akanywa rubisi. Mkewe alikuwa analia bila sauti, akijifuta kwa ncha ya kanga, na nje kuku alikuwa akichakura kahawa na hakuna aliyemfukuza.

"Kwa nini hukuwahi kwenda kwao ukawaambia, mzee?" nilimwuliza, kwa upole kadiri nilivyoweza.

"Tuliambiwa wakubwa watapeleka habari," alisema. "Habari za wafu zilikuwa na watu wake." Alinitazama kwa makini, kwa wema. "Wewe ni wa nani, mwana wange? Umekula?"

Usiku nililala palepale Kishanda, na kabla jua halijapanda nilikuwa nimeshafika barabara ya lami. Nakumbuka safari ile kama ndoto ya mtu mwingine. Ukungu uliziba vilima vyote, nikawa naendesha ndani ya weupe kama wa maziwa ya kukamua, na mara kwa mara kitu kilitokea, ng'ombe, mtu na baiskeli ya ndizi, msalaba wa kanisa, kikatoweka nyuma yangu. Simu ilikuwa mfukoni mwa shati, na nilihisi uzito wake kama yai. Nilijua ninachobeba. Nilidhani kazi yangu ni kukibeba tu bila kukivunja.

Rubafu mvua ilikuwa imekatika. Mama aliniona kutoka mlangoni, akaja kunipokea, akanishika mikono yote miwili. Hakuuliza kitu. Aliniingiza ndani, akanipa kiti, akaniletea buni za kutafuna kwenye kisahani, kisha ndizi na maharage na kipande cha samaki. Nilikuwa na njaa ya barabarani. Nilikula nikamaliza, nikashukuru, nikanawa. Ndipo nikatoa simu nikasema, "Mama, nimempata. Sikiliza," nikasogeza kidole nibonyeze.

Aliweka kiganja chake juu ya simu.

"Umekaa?" aliniuliza.

"Nimekaa, Mama."

"Umekula?"

"Nimekula."

"Basi habari uliyoleta ni ya mtu aliye hai."

Nilimtazama. Macho yake yalikuwa makavu, yamenikazia.

"Si hivyo, Mama," nilisema.

"Kama si hivyo, kwa nini umekaa? Mtu anayebika, anayeleta kifo kwenye nyumba ya watu, anakaa? Anashika tonge?" Alitikisa kichwa, na mahali fulani kati ya hasira na kilio akapata kicheko kidogo. "Mtoto wa Kihaya gani wewe? Ulilelewa na nani, na dagaa?"

Nilijua desturi ile. Nilikuwa nimeiona utotoni: mtu anakuja mbio, anasimama uwanjani, hakaribii mlango, hakubali hata maji, anasema, ndipo kilio kinaanza. Nilikuwa nimeiona na nikaiacha mahali, pengine Geita, pengine kwenye boti fulani, pamoja na mambo mengine yaliyokuwa yangu.

"Simu haibiki," alisema. "Toka nje. Nenda mpaka njiani. Urudi kama mtu aliyetumwa."

Nilitoka. Nilipita uwanja, nikapita kibanja chote, nikaenda kusimama pale njia ya kijiji inapokutana na migomba yake. Maji yalikuwa bado yanadondoka kwenye majani. Kulikuwa kimya kiasi kwamba nilisikia tone likipiga jani la juu, likateleza, likapiga la chini yake. Niliweza kuondoka. Pikipiki ilikuwa pale. Nimeondoka mahali pengi kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Lakini maneno ya mzee yalikuwa kinywani mwangu, na hapakuwa na mwingine karibu wa kumpa.

Nikarudi kwa haraka, kama mtu aliyetoka mbali. Nilisimama katikati ya uwanja, sikuegemea kitu. Mama alikuwa ndani, mlango umerudishwa, kana kwamba sijafika kamwe.

"Wa humu ndani!" niliita. "Nimetumwa kutoka Kishanda!"

"Nani aliyekutuma?" sauti yake iliuliza kutoka ndani.

"Mtu aliyekuwa na kaka yako. Anasema kaka yako alikufa. Alikufa asubuhi, kwa risasi, upande wa pili wa mpaka. Anasema hakulia. Anasema alimchimbia mwenyewe, akamtandikia majani mabichi, akamgeuza uso uelekee ziwa. Anasema alimzika kibanjani, si porini."

Halafu kilio kikatoka kwenye nyumba ile, kirefu, na nikafahamu kwamba ndani yake mlikuwa na kilio cha mama yao pia, ambacho hakikuwahi kutolewa. Majirani walikisikia. Walikuja kupitia migomba kutoka kila upande, wanawake wameshika vichwa, wanaume wametangulia na majembe, kwa sababu kilio cha namna ile kila mtu anajua kinaitisha nini. Mzee mmoja alipoambiwa ni nani aliyekufa, alivua kofia akasimama hivyo muda wote.

Kichaka kiling'olewa alasiri ile. Waliwasha moto kando, na kila panga lilipitishwa kwenye ndimi za moto kabla na baada, ugonjwa usihame. Tunguu lilikatwa vipande, na mama alikagua kila kipande, akikigeuza mkononi.

"Hakina jicho?" aliuliza.

"Hakina, Mama."

"Tazama vizuri. Safari ile hamkutazama."

Bwana shamba alikuwa ameagiza vichimbiwe na kufukiwa. Sidhani kama alijua alikuwa anasema lugha ya msiba. Shimo lilikuwa refu, palepale ndani ya mawe ya ziwani, na mashina yalilazwa humo moja baada ya jingine. Mama aliomba kabla ya udongo wakate majani mabichi ya upande wa pili wa kibanja, yale yasiyougua. Wakatandika, wakafunika. Katekista akasali sala ya marehemu. Nilishika jembe na mimi. Udongo wa kule ni mweusi na mwepesi, unaanguka bila sauti.

Jioni, watu wakiwa wamekaa kwenye majani sebuleni na uwanjani, mama aliniita nikae karibu naye chini. Macho yake yalikuwa yamevimba, uso umetulia kama maji baada ya boti kupita.

"Sasa," alisema, "nisikilizishe huyo mzee."

Niliweka simu kwenye majani kati yetu nikabonyeza. Kwanza ilisikika ile taarifa ya jeshini, kikosi kiliondoka, kikosi kilifika, na watu wakatabasamu kidogo. Kisha sinia, kisha kimya, kisha mkongojo ukigusa sakafu ya Kishanda. Sauti ikapanda: mimi nisiyeuliza mto una kina gani. Mke wa mzee akaitikia kutoka ndani ya simu, sauti nyembamba, ya mbali.

Mama alisikiliza ameinamisha kichwa. Lilipofika daraja aliinua uso. Na mzee aliposema mtoto wa mawimbi ya Rubafu, kabla sauti ya Kishanda haijaitikia, yeye aliitikia, kwa nguvu, mgongo umenyooka, na nyumba nzima ikamfuata.

"Ee waitu!"

Tukaendelea hivyo hadi mwisho, yeye akitangulia.